Vipokezi vya ukuaji na saratani ya kibofu: majibu kwa wasomaji wa Tabora

Shikamoo daktari. Baba yangu, mkulima wa tumbaku huku Urambo, alikatwa kipande cha nyama ya kibofu ili kipimwe baada ya kukojoa damu. Majibu yanasema EGFR imeonekana kwa wingi. Je, ndiyo kusema hatapona?

Marahaba mwanangu. EGFR ni kipokezi, yaani protini iliyopenya ukuta wa seli, ambayo kwa nje hupokea kichochezi cha ukuaji na kwa ndani huipelekea seli amri ya kugawanyika. Katika kibofu chenye afya, protini hiyo hukaa hasa kwenye seli za tabaka la chini la utando, lakini katika saratani huweza kuenea mpaka tabaka la juu linalogusana na mkojo. Na kwa kuwa mkojo wenyewe una kichochezi hicho kwa wingi, seli hizo huoga amri ya kukua usiku na mchana.

Tangu miaka ya 1980 watafiti wameona kuwa uvimbe wenye EGFR nyingi mara kwa mara ndio ule wa daraja la juu, yaani wenye seli kali, uliokwisha kuzama kwenye msuli wa kibofu. Hata hivyo, sipendi mgonjwa ahukumiwe kwa neno hilo moja, kwa sababu daraja na kina cha uvimbe vikishajulikana, EGFR huongeza machache, na tafiti zenyewe zimekinzana juu ya hayo machache. Muulizeni daktari wake kama kinyama kilichokatwa kilikuwa na msuli ndani yake, na kama saratani imeufikia. Ukikosekana msuli, mara nyingi hulazimu kukata tena, kwani bila huo kina hakijulikani. Na kama mzee anavuta, aache leo: kulima tumbaku ni jambo jingine, lakini moshi wake ndio kisababishi kikuu cha saratani hii duniani.

Mimi niliambiwa nina mabadiliko ya jeni ya FGFR3. Hii ni sawa na ya huyo mzee?

Hapana, ndugu yangu. FGFR3 ni kipokezi kingine cha ukuaji, na hapo hakikupimwa wingi wake, bali hitilafu katika jeni inayokiunda, ambayo hukifanya kiwe kama swichi iliyokwama ikiwa imewashwa. Ajabu ni kwamba hitilafu hiyo hupatikana zaidi katika uvimbe wa juujuu wa daraja la chini, ambao hurudirudi lakini kwa kawaida hauui, kwa hiyo kwa wengi ni dalili ya afadhali, mradi kibofu kiendelee kuchunguzwa kwa kamera kila inapopangwa. Ikiwa ugonjwa umesambaa, ipo dawa ya vidonge iitwayo erdafitinibu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2019 kwa wenye hitilafu kama yako. HER2, kipokezi ambacho akina mama wenye saratani ya matiti wanakifahamu, nacho kina dawa inayotumika pale kinapoonekana kwa wingi sana. Kwa EGFR yenyewe, dawa zilizojaribiwa kwenye kibofu hazijaleta mafanikio ya kuzifanya ziwe tiba ya kawaida.

Karatasi ya damu ya mke wangu inasema eGFR 48. Tumelia nyumba nzima.

Futeni machozi, kwa hilo angalau. Herufi zinafanana, lakini ile yenye “e” ndogo hupimwa kwenye damu na ni makadirio ya kasi ya figo kuchuja. Haihusiani kabisa na kipokezi. Namba hiyo ina uzito wa namna nyingine: sisiplatini, dawa ya dripu inayotumika sana kwa saratani ya kibofu, kwa kawaida huhitaji kasi ya 60 au zaidi, hivyo madaktari wataangalia kwanza kama kuna kizuizi cha mkojo kinachoishusha kasi hiyo na kinachoweza kuondolewa.

Huku Igunga kichocho ni kingi. Je, ndicho kinacholeta saratani hii?

Kichocho cha mkojo, ndiyo; Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliwaorodhesha minyoo wake mwaka 1994 miongoni mwa visababishi vya saratani kwa binadamu. Kile cha ndugu zetu wa mwambao wa Ziwa Tanganyika kule Kigoma ni cha tumbo, na hakidhuru kibofu namna hiyo. Mayai yaliyonasa kwenye ukuta wa kibofu huuchokoza kwa miaka mingi, na saratani inayotokea aghalabu ni ya seli bapa, ambayo nayo huwa na EGFR nyingi. Kwa hiyo mtu mzima aliyekwisha kumeza prazikwanteli, dawa ya kichocho, na bado anakojoa damu asipewe dozi nyingine akarudishwa nyumbani. Apelekwe akapimwe kibofu.