Ticha, mbona "did went" ni kosa? Maswali yenu ya Kiingereza wiki hii

Haya wanangu, meseji zimekuwa nyingi mpaka simu inakwama, leo najibu yale yanayojirudia tu, mengine mnivumilie.

Shikamoo ticha. Niko form two, nimekatwa maksi kwenye "I did not went to school yesterday". Si ni jana? Sasa went ina kosa gani?

Marahaba. Kosa ni kwamba umeweka wakati uliopita mara mbili. Angalia neno letu "sikuenda", pale kinachobeba jana yako ni hiyo -ku- peke yake, enda imebaki enda. Hakuna mtu anasema "sikulienda", na ukimsikia mtu anasema hivyo utamcheka. Sasa did ndiyo -ku- ya Waingereza, ikishakaa pale kitenzi kinarudi kilivyozaliwa: "I did not go". Kwenye swali vilevile, "Did you go?". Mwalimu wako yuko sahihi, usimnunie.

Mimi form three. Tofauti ya "I saw" na "I have seen" ni nini hasa, maana nikitafsiri naona zinaingiliana.

Hapa ndipo wengi wanapoanguka na hata watu wazima maofisini wanaanguka, tena sababu yake ni Kiswahili chetu kizuri. Sisi tunasema "nimemwona jana" na hakuna anayeshtuka. Kiingereza hakitaki. Ukishataja muda uliokwisha, yesterday, last week, in 2019, two days ago, ile have inaondoka: "I saw him yesterday". Have seen unaitumia pale ambapo hutaji lini, unachojali ni kwamba jambo limeshatokea: "I have seen that film", nimeshaiona, basi, usiniulize siku.

Ila kuna mtego wa pili ambao vitabu vingi havisemi. Hii -me- yetu ina kazi mbili. "Amekula" ni kitendo kimekwisha, sawa, "he has eaten". Lakini "amelala" je? Ukimkuta mdogo wako anakoroma kwenye kochi unasema "amelala", na bado anaendelea kulala! Kwa hiyo siyo "he has slept", ni "he is sleeping". Mwalimu amesimama mlangoni, "the teacher is standing at the door". Dada amevaa gauni jekundu, "she is wearing a red dress". Nimechoka, "I am tired". Nimeshiba, "I am full". Mimi wanafunzi nawapa kipimo kimoja, jiulize hali hiyo bado ipo sasa hivi machoni pako? Kama ipo, shuku have yako kwanza. Siyo kipimo cha kila mahali, ila kwenye pepa kitakuokoa mara nyingi.

Borrow na lend, kila siku nachanganya.

Kwa sababu "kuazima" inakwenda pande zote mbili, unaazima kalamu kwa mwenzako, na yeye unamwambia "niazime kalamu". Achana nayo, tumia kukopa na kukopesha. Borrow ni kukopa, lend ni kukopesha. "Can I borrow your pen?" au "Can you lend me your pen?". Ile "borrow me your pen" iache leo leo.

Ticha nimeandika "Although he studied hard but he failed", imekataliwa. Kwani siyo ingawa... lakini?

Ndiyo, kwetu zinatembea pamoja kama mtu na mdogo wake, "ingawa alisoma sana lakini alifeli". Kiingereza kinataka moja tu, uchague although ama but. "Although he studied hard, he failed." Na wakikwambia uanze na despite, usiweke of nyuma yake, na isifuatwe na sentensi nzima: "Despite studying hard, he failed." Mwenye of ni in spite. Hili la kuandika upya sentensi ni la kulifanyia mazoezi kwa kalamu, kusoma kwa macho tu hakusaidii.

Nimeandika insha ya safari nikaweka "a traffic stopped our bus near the keep left". Mwalimu kacheka darasa zima. Kwa nini, na ni maneno ya Kiingereza?

Pole mwanangu, hata mimi nimecheka kidogo. Yalikuwa ya Kiingereza, yakahamia kwetu yakapata uraia na kazi mpya. Traffic kwa wenyewe ni magari barabarani, yule wa nguo nyeupe ni "a traffic police officer". Kipilefti ni "roundabout". Na yako mengine, steringi wa muvi siyo "steering", ni "the main actor". Hoteli ya wali maharage ni "restaurant", hotel ni pa kulala. Mama ana presha, "my mother has high blood pressure". Ukiona neno la Kiingereza linakuja kirahisi mno, lifungulie dikshenari.

Mwalimu habari za kazi. Binti yangu kamaliza darasa la saba, Januari anaingia form one, masomo yote Kiingereza. Anakariri maneno ishirini kwa siku na kesho hana hata moja. Nimsaidieje?

Salama mama, hongera kwa kumfuatilia. Apunguze, matano yanatosha, na asiandike neno tupu. Mfano akiandika "kupiga = beat" atakuja kusema "I beat a phone". Sisi tunapiga simu, picha, pasi na mswaki, wenzetu kila kimoja na lake: make a call, take a photo, iron the clothes, brush your teeth. Aandike sentensi nzima ya maisha yake, "I brush my teeth before I fetch water". Kesho yake afunike upande wa Kiswahili ajijaribu, arudie baada ya siku tatu, halafu baada ya wiki. Na asome kwa sauti, hata kama wadogo zake watamwita mzungu.

Mtu akiniuliza "Haven't you eaten?" na sijala, najibu yes au no?

Jibu no. "No, I haven't." Sisi ukiulizwa "hujala?" unasema "ndiyo, sijala", unakubaliana na muuliza swali. Wao hawaangalii swali, wanaangalia kama umekula. Nilikuwa form three, akaja mgeni shuleni, mchana akaniuliza hivyo hivyo akiwa na sahani mkononi. Nikajibu "Yes" kwa heshima zote. Akatabasamu, akasema "Good", akampa jirani yangu ile sahani. Pilau, tena ya nyama.