Upana wa Duara si Nguvu ya Dawa

Swali: Nimetenga bakteria wa Escherichia coli kutoka maji ya mkono wa bahari wa Tudor, karibu na mfereji wa majitaka. Kwenye kisahani cha agari (rojo la kuoteshea bakteria), kikaratasi cha siprofloksasini, dawa ya kuua bakteria, hakikuwazuia hata kidogo, lakini nilichokitia miligramu 10 za dondoo la mwarobaini kimeacha duara wazi la milimita 14. Je, niandike kwamba mwarobaini umeishinda siprofloksasini? (Mwanafunzi, Mombasa)

Jibu: Tafadhali usiandike hivyo. Kikaratasi cha siprofloksasini hubeba mikrogramu 5 tu, nawe ulitia dondoo lenye uzito mara 2,000 ya huo. Isitoshe, upana wa duara hutegemea jinsi kitu kinavyosambaa ndani ya agari: kilicho dhaifu lakini chepesi kuyeyuka hufika mbali, na kilicho kikali chenye molekuli kubwa hukwama pale pale kilipowekwa. Katika milimita zako 14, 6 ni za karatasi yenyewe. Na kama dondoo ulilitoa kwa ethanoli (pombe), ambayo nayo huweza kuzuia bakteria, kikaratasi chenye ethanoli tupu, kilichokaushwa vivyo hivyo, kiko wapi?

Tafuta kiwango cha chini kabisa kinachozuia bakteria kukua. Punguza dondoo nusu kwa nusu, kishimo hadi kishimo cha bamba la maabara, katika mchuzi wa Mueller-Hinton (chakula cha majimaji cha bakteria), utie bakteria wapatao 500,000 kwa mililita, uwaache katika nyuzi 35 kwa saa 16 hadi 20. Rangi ya mwarobaini huficha ukungu wa bakteria, kwa hiyo mwishoni tia katika kila kishimo resazurini, rangi ya buluu inayogeuka waridi pale bakteria walipokua. Sambamba nao pima kwa siprofloksasini E. coli wa aina ya ATCC 25922, bakteria wa kuhakiki vipimo, ambao kiwango cha dawa hiyo kinachowazuia kinajulikana. Kikitoka nje ya mipaka, majibu ya siku hiyo hayafai.

Nasema kwa ukali kwa sababu naletewa mara kwa mara chupa za dawa zinazodaiwa kuwa “zimepimwa maabara”, na nikiuliza kipimo naonyeshwa picha ya duara kwenye simu. Siki nayo huacha duara, na dawa ya kung'arishia nguo huacha pana zaidi. Kisahani hakionyeshi kama kitu hicho kitaziacha salama seli za figo na ini, wala kama kitafika kwenye damu kwa kiwango cha kutosha. Wauzaji hawa wanaijua picha, hawaijui kazi, na mama anayechomwa na mkojo akiacha dawa ya hospitali kwa ajili ya chupa yao, maambukizi yanaweza kupanda hadi kwenye figo huku yeye akihesabu vijiko.