Mkulima wa miwa auze anakotaka. Deni lilindwe na mkataba

Kuna swali linaloulizwa mara nyingi: wakulima wa Kakamega na Bungoma, magharibi mwa Kenya, wakiruhusiwa kuuza miwa kwa kiwanda chochote, si viwanda vilivyowalimia na kuwapa mbolea vitafilisika? Hofu hiyo ina msingi. Kiwanda kinalima, kinaleta mbegu na mbolea za DAP na urea, kisha kinangoja miezi 18 au zaidi. Halafu trekta la mwingine linakuja kubeba miwa yote, na aliyekopesha anabaki mikono mitupu.

Lakini hilo ni tatizo la deni, halihitaji mpaka wa kanda, yaani eneo ambalo mkulima hafai kuuza miwa nje yake. Mkataba utaje nambari ya shamba, ekari, riba, na kila gharama kwa shilingi siku ile inapotolewa. Deni lisajiliwe mahali ambapo viwanda vyote vinaweza kuliona. Atakayenunua miwa hiyo alikate deni kwanza, amlipe anayedai, kinachosalia apewe mkulima. Akikaidi, ashtakiwe yeye. Na mkulima asiyedaiwa na mtu, anafungiwa kanda kwa kosa gani?

Tazama yanayotokea mnunuzi akiwa mmoja. Mtambo ukiharibika, au kiwanda kikikosa pesa za wakataji, miwa iliyokomaa hukaa shambani ikatoa maua, ikakauka, utamu ukashuka. Iliyokwisha kukatwa ikilala zaidi ya saa 48 kabla ya kusagwa, inapoteza uzito na sukari pia. Mkulima hulipwa kwa tani, kwa hiyo uzembe wa kiwanda unamwangukia yeye. Chukua ekari yenye tani 30, na bei iwe 5,000 kwa tani ili hesabu iwe nyepesi: ni 150,000. Asilimia 10 ya uzito ikipotea, 15,000 zimekwenda, ilhali deni la kulima na mbolea halipungui hata senti, na riba inazidi kupanda.

Na kanda haiokoi kiwanda: kampuni ya sukari ya Mumias ilikuwa na eneo lake kubwa la wakulima, na serikali ikamwaga mabilioni kuiokoa. Hata hivyo, mwaka 2019 kampuni hiyo ikawekwa chini ya meneja mrasimu, yaani msimamizi wa kuwalipizia wadai madeni yao. Kule Malava, wenye viwanda vya West Kenya na Butali wameburutana mahakamani miaka mingi kwa sababu ya ujirani wao. Kwangu mimi, ujirani huo ni baraka: mkulima akipunjwa kwenye mzani mmoja, anao wa pili.

Ushuru wa sukari uliorudishwa na sheria ya 2024, asilimia 4, hatimaye unalipwa na mnunuzi wa kilo moja dukani, awe Kisumu au Nakuru. Huwezi kumtoza yeye kwa jina la kuendeleza miwa na bado ukamnyima mkulima soko.

Kazi ambayo serikali haipaswi kuiacha ni kukagua mizani. Trela lipimwe likiwa limejaa, kisha lipimwe tena likiwa tupu safari hiyo hiyo. Kutumia uzito wa zamani wa trela tupu ndiko kunakoiba kilo kimyakimya. Vipimo vyote viwili vimfikie mkulima kwa simu siku hiyo, kabla miwa haijasagwa na ushahidi kupotea.