Muulize Fundi: Simu ya Zamani Bado Inaongea

Nina meza yangu ya ufundi Ngamiani, Tanga, tangu 2006, na kwenye droo bado ipo bisibisi ya nyota niliyoanza nayo, ile ya kufungulia Nokia. Barua za mwezi huu karibu zote zinahusu simu za zamani: vitochi, Nokia za kubonyeza, Android za mwanzo. Nimefurahi kuziona. Watu wengi bado wanazitumia na wana haki ya kujibiwa vizuri kama mwenye simu mpya.

*Fundi, habari za kazi. Mimi ni mwalimu mstaafu, nipo Lushoto. Nina Nokia 2700 niliyoinunua 2010. Nilikuwa nasoma habari kwenye intaneti bila shida. Nilipohamia laini ya mtandao mwingine, ikawa kila nikijaribu inasema haiwezi kuunganishwa. Bando ninalo, nimehakikisha. Kijana wa dukani ameniambia simu imekufa upande wa intaneti. Ni kweli?*

Shikamoo mwalimu. Si kweli, simu yako haijafa. Kilichotokea ni kwamba umebadilisha laini, lakini simu bado inakumbuka lango la mtandao wa zamani. Lango hilo lina jina, mafundi tunaliita APN, na kila mtandao una la kwake. Bando ni nauli tu. Wewe una nauli mkononi, ila umesimama kwenye stendi ambayo basi lako halipiti.

Simu mpya hujipangia lango zenyewe mara laini inapoingia. Simu ya umri wa yako husubiri kuambiwa, na njia ziko mbili. Ya kwanza ni kupiga huduma kwa wateja wa mtandao wako na kuwaomba wakutumie mipangilio ya intaneti. Itakuja kama meseji ya pekee. Ukiifungua, simu inakuuliza kama uihifadhi. Ikidai PIN, nyingi nilizopokea mimi zilikubali 1234. Wakikwambia simu yako hawaitambui, usikate tamaa, andika mwenyewe kwa mkono.

Nayataja maneno ya menyu kama yanavyoonekana kwenye kioo cha Kiingereza. Ingia Settings, kisha Configuration, shuka mpaka Personal configuration settings, ongeza mpya, chagua Access point. Ipe jina lolote, hata Lushoto. Ndani yake utakuta Access point settings, humo chagua Packet data, halafu utafika kwenye nafasi ya kuandika jina la lango. Kwa Vodacom na Airtel hapa Tanzania jina hilo ni internet. Sehemu ya jina la mtumiaji na ya nenosiri ziache wazi. Hifadhi, rudi nyuma, bonyeza Options na uiwashe kwa Activate. Zima simu, iwashe tena.

Sasa mwalimu, sogeza miwani. Mwaka 2008 nilikaa siku mbili na simu ya mteja, kila kitu nimekiandika sawa, intaneti haiji. Siku ya tatu nikapeleka kishale mwisho wa neno internet, nikaona kimesimama mbali kidogo na herufi t. Palikuwa na nafasi tupu. Simu iliyowashwa kukisia maneno hupenda kuongeza nafasi baada ya neno, na nafasi hiyo kwa mtandao ni herufi kamili, kwa hiyo lango linakuwa jingine kabisa. Nikaifuta, ikawaka. Tangu siku ile kitu cha kwanza ninachokagua ni kishale. Kipeleke mwisho wa neno, ukiona pengo, futa.

Ukifaulu, juu ya kioo itatokea herufi ndogo G au E. G ni GPRS, E ni EDGE ambayo ina kasi zaidi kidogo. Mtu akikupigia katikati ya kusoma, ukurasa utasimama mpaka mmalize kuongea. Si ubovu, simu hizi hazibebi sauti na data kwa wakati mmoja.

Jambo la mwisho ni tovuti. Nyingi siku hizi zimefungwa kwa usalama wa kisasa ambao kisomaji cha ndani ya simu yako hakiufahamu, kwa hiyo utaona makosa ya cheti (hati inayothibitisha kwamba tovuti ni ya kweli) hata kama intaneti ipo. Tumia Opera Mini ikiwa imo kwenye simu. Yenyewe haifungui tovuti moja kwa moja. Inaomba mitambo ya Opera ifungue, iupunguze ukurasa, ndipo iiletee simu. Ndiyo maana hata bando lako halitaisha haraka.

*Kaka fundi, shikamoo. Niko Pangani. Kitochi changu kinapokea meseji na simu zinapigika, lakini nikiandika meseji haiendi. Salio lipo. Ilianza baada ya mwanangu kuichezea.*

Marahaba dada. Hapa intaneti haihusiki, wala usinunue bando kwa ajili hiyo. Meseji ya kawaida hupita kwenye kituo cha meseji cha mtandao wako, na namba ya kituo hicho imeandikwa ndani ya laini. Kupokea hakuihitaji namba hiyo, kutuma kunaihitaji. Nina hakika mtoto ameifuta au amegusa tarakimu moja.

Tafuta jirani mwenye laini ya mtandao uleule. Kwenye simu yake fungua Messages, Message settings, kisha Message centre number. Nakili namba kwenye karatasi tarakimu kwa tarakimu, ianze na alama ya kujumlisha na 255. Alama hiyo kwenye kitochi cha Nokia unaipata kwa kubonyeza kitufe cha nyota mara mbili haraka. Ukiwa humo humo angalia palipoandikwa Messages sent as, pawe Text. Watoto hupageuza pakawa Fax, na meseji ikaenda isikojulikana.

Karatasi hiyo ihifadhi pamoja na ile ya namba ya IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu yenyewe, ambayo unaipata kwa kupiga *#06#.

*Habari fundi. Mimi ni katibu wa kikundi chetu cha vikoba Muheza, wanachama 40. Naandika matangazo kwenye kompyuta ya ofisini, nayahamishia kwenye simu janja yangu na kuwatumia. Wenye vitochi wananiambia wanaona vibox katikati ya maneno, tena mimi nakatwa hela ya meseji tatu wakati tangazo ni fupi. Nimelalamika kwa mtandao, wanasema makato ni sahihi.*

Katibu, barua yako nimeipenda kuliko zote, na mtandao wako umekwambia ukweli.

Meseji moja hubeba herufi 160, lakini kwa sharti kwamba kila herufi iwe kwenye orodha fupi ya herufi za kawaida iliyopangwa tangu simu hizi zilipobuniwa. Ikiingia hata alama moja ya nje ya orodha, meseji nzima hubadilishiwa mfumo wa kuandika, na nafasi inashuka kutoka 160 hadi 70. Ikibidi kugawanywa, kila kipande kinabaki na 67, maana nafasi nyingine inatumika kuunganisha vipande.

Kiswahili chetu kimebahatika hapa. Herufi zetu zote zimo kwenye orodha ile. Lakini tuna ng' na kile kialama chake cha juu. Kilichonyooka, hiki ', kimo kwenye orodha. Kilichopinda, hiki ’, hakimo. Na programu ya kuandikia kwenye kompyuta hukipinda chenyewe bila kukuuliza. Kwa hiyo ukiandika kwenye kompyuta kwamba ajenda ni mkopo wa kununua ng’ombe, ng’ombe mmoja huyo anatosha kuligeuza tangazo la herufi 150 kuwa meseji tatu. Zidisha kwa wanachama 40, umelipia meseji 120 badala ya 40. Na kitochi kisichokijua kialama kile kinachora kibox mahali pake. Emoji na alama za kunukuu zilizopinda zinafanya vilevile.

Dawa yake: ukishahamishia tangazo kwenye simu, futa kila kialama cha ng' na ukiandike upya kwa kibodi ya simu. Kama simu yako ni iPhone, nenda kwenye mipangilio ya kibodi uzime Smart Punctuation, maana nayo hupinda. Simu nyingi za Samsung, ndani ya mipangilio ya meseji, zina sehemu iitwayo Input mode. Chagua GSM alphabet, ndiyo orodha ile. Halafu tazama kihesabu kando ya kitufe cha kutuma. Kikionyesha kwamba zimebaki zaidi ya 100 ukiwa umeandika maneno machache tu, uko salama. Kikianza kuhesabu kutoka 70, kuna kialama umekiacha. Hela ya vikoba ni jasho la watu, isiende kwa alama ya ng'ombe.

*Fundi, nina Nokia Asha. Kuna mtu mjini hapa Korogwe anasema kwa elfu kumi na tano ataniwekea WhatsApp irudi. Nimpe?*

Usimpe. WhatsApp yenyewe iliacha kuzihudumia Nokia za mfumo wa S40, na Asha yako imo, tarehe 31 Desemba 2018. Za mfumo wa Symbian zilitangulia Juni 2017, Windows Phone zikafuata mwisho wa 2019. Hata akikuwekea programu hiyo ndani ya simu, mitambo ya WhatsApp ndiyo inayokataa kuipokea. Hakuna mpangilio wa APN unaoweza kuilazimisha, na aliyekuahidi hivyo ama hajui ama anajua. Nasema kwa uchungu, kwa kuwa kila mwezi napokea mteja aliyekwisha kulipa.

Elfu kumi na tano hiyo iweke akiba ya simu janja iliyotumika, na ukienda kununua uliza toleo la Android. Ya 4.4 kurudi chini usiinunue kwa ajili ya WhatsApp, imeachwa nayo tangu 2025 ilipoanza.

*Shikamoo fundi. Nafanya biashara mpakani Horohoro. Salio linaliwa nikiwa nyumbani kwangu Tanzania! Pia nina laini ya Safaricom ya kuongea na wateja wa Lunga Lunga, nataka itoe intaneti kwenye simu ya zamani.*

Marahaba. Mawimbi hayajui mpaka. Mnara wa huku ukififia na wa Kenya ukikufikia kwa nguvu, simu inahamia huko yenyewe, na wewe unatozwa kama msafiri wa nje. Ingia Settings, Phone, Operator selection, uitoe kwenye Automatic uiweke Manual, kisha chagua mtandao wako wa Tanzania kwa jina. Jua kwamba mnara wa huku ukizima, simu itakaa bila mtandao badala ya kuvuka. Ukisafiri kwenda Tanga mjini irudishe Automatic.

Ya Safaricom, fuata hatua nilizompa mwalimu wa Lushoto: lango ni safaricom, jina la mtumiaji ni saf, nenosiri ni data. Nenosiri liwe herufi ndogo. Nokia huanza neno kwa herufi kubwa. Bonyeza kitufe cha reli, #, mpaka kona ya juu ionyeshe abc ndogo, ndipo uandike.

*Ndugu yangu amenitumia simu ya kubonyeza ya zamani kutoka Marekani. Haishiki mtandao wowote. Msomaji, Handeni.*

Fungua kifuniko, toa betri, soma karatasi iliyo chini yake au tafuta aina ya simu hiyo uone masafa yake. Huku kwetu simu za 2G husikiliza kwenye 900 na 1800. Kule Marekani zilikuwa 850 na 1900. Kama yako ina hayo mawili ya kwao peke yake, hakuna fundi atakayeipatia mtandao hapa. Kama ina yote manne, huenda imefungiwa kwenye kampuni iliyoiuza, na hilo mara nyingi linatatulika.

*Android yangu ya zamani inasema cheti cha tovuti si salama kila nikifungua intaneti, hata nikibadilisha bando.*

Angalia tarehe. Betri ikiisha kabisa, simu nyingi hurudi kwenye tarehe ya zamani sana, na cheti cha leo kinaonekana bado hakijazaliwa. Rekebisha siku, mwezi na mwaka. Tarehe ikiwa sahihi na bado inakataa, basi vyeti vilivyomo ndani ya simu vimepitwa na wakati.

*Fundi, mama yangu yuko kijijini na kitochi. Je, lazima awe na intaneti ili nimtumie hela? Na laini yake mpya ni ndogo, haienei.*

Intaneti haihitajiki hata kidogo. M-Pesa ya Vodacom kwa *150*00# inapita kwenye njia ya simu ya kawaida. Hata kitochi kisicho na intaneti kabisa kinaifanya, mradi mtandao upo na betri ina chaji.

Hiyo laini ndogo ndiyo inayonitia wasiwasi. Atahitaji fremu ya plastiki ya kuikuzia. Mwambie asiitumbukize fremu tupu bila laini ndani yake, wala asiisukume laini ndogo peke yake kwenye tundu kubwa. Ndani mna vidole vidogo vya shaba vilivyoinuka kidogo, na fremu tupu ikiingia inavinasa. Ukiivuta, vinang'oka nayo. Mwezi huu peke yake nimeletewa simu tatu za namna hiyo. Bandika utepe mwembamba wa karatasi upande wa nyuma, usio na dhahabu, ushike laini na fremu pamoja, kisha uingize polepole. Ikikwama, asiivute. Anifikishie hivyo hivyo ilivyokwama, naitoa kwa kuteleza kipande chembamba cha plastiki chini yake, na vidole vinabaki salama.