Siku tatu nilizogombana na mtu tuliyekubaliana

Niliwahi kugombana kwa siku tatu mfululizo na mtu ambaye hatukuwa na jambo lolote la kutofautiana. Tulisoma pamoja zamani, na sote tumo katika kundi la WhatsApp lenye watu wasiopungua sitini. Siku hiyo nilikuwa nimeweka humo maandishi yangu mafupi kuhusu malezi ya watoto, naye akajibu kwa maneno mawili tu: "Hongera, mtaalamu." Mimi si mtaalamu wa malezi wala sikuwahi kudai kuwa hivyo, kwa hiyo nililisoma neno lile kama kejeli, nikaona ananidhihaki mbele ya watu, na katika muda usiozidi dakika tano nilikuwa nimekwisha kumwandikia aya nne za kumrudi. Yeye, aliyekuwa amenipongeza kwa moyo mweupe, alishangaa, kisha akakasirika, akanijibu kwa ukali uliolingana na wangu. Mtu wa tatu akaingia kumtetea, wa nne akaleta picha ya skrini ya mazungumzo ya mwaka uliotangulia, na kufikia siku ya pili hapakuwa na aliyekumbuka kwamba mada ilikuwa malezi.

Siku ya tatu alinipigia simu. "Ndugu yangu, hivi mimi nilikukosea nini?" Nilipoisikia sauti yake, sauti ileile ya upole niliyoijua tangu utotoni, nililisoma upya neno "mtaalamu" kwa sauti hiyo, na kejeli yote niliyokuwa nimeiona ikatoweka. Haikuwamo katika ujumbe wake, niliitia mimi.

Baadaye nilifarijika kidogo kujua kwamba kosa langu ni la watu wengi. Mwaka 2005, watafiti wakiwamo Justin Kruger na Nicholas Epley walichapisha matokeo ya majaribio ambamo watu walitumiana sentensi kwa barua pepe, nyingine za kweli na nyingine za kejeli. Waandishi walitarajia kueleweka katika takriban asilimia 78 ya sentensi hizo, lakini wasomaji walipatia asilimia 56 tu, ambayo haiko mbali sana na kubahatisha kwa kurusha sarafu. Sababu waliyoitoa ni kwamba mwandishi huisikia sauti yake mwenyewe kichwani wakati anaandika, akasahau kwamba msomaji haisikii. Hata zile alama za uso unaotabasamu zilizaliwa na tatizo hilihili: mwaka 1982, Scott Fahlman wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon alipendekeza nukta mbili, kistari na mabano vitumike kuonyesha utani, kwa kuwa wenzake walikuwa wakiuchukulia utani ulioandikwa kwenye kompyuta kuwa ni maneno ya kweli. Leo tunazo emoji kwa maelfu, na bado tunagombana. Wala sishangai, kwa sababu uso uleule unaocheka hadi machozi hutumika pia kumcheka mtu.

Tangu siku hiyo nina mazoea ambayo nayapendekeza kwa yeyote anayepandwa na hasira haraka kama mimi. La kwanza ni kwamba jibu la hasira siliandiki katika kisanduku cha maoni. Naliandika katika programu ya kuwekea kumbukumbu, mahali pasipo na kitufe cha kutuma, kisha naenda kufanya shughuli nyingine. Nikirudi, nausoma tena ujumbe ulionichoma, safari hii kwa sauti ya kusikika na kwa lafudhi ya mtu ninayempenda. Ukisomeka vizuri kwa lafudhi hiyo, basi huenda ndivyo ulivyokusudiwa. Nikibaki na shaka, nauliza, lakini hata kuuliza kuna namna yake, kwani swali "Unamaanisha nini?" likiandikwa husomeka kama mtu anayekunja mikono ya shati. Mimi huandika, "Nimeelewa kwamba unasema hivi, ndivyo?" Mara nyingi nimejibiwa, "Hapana, sikusema hivyo," na ugomvi ukafia hapo.

Jambo gumu zaidi ni watazamaji. Tunapojibizana hadharani hatumjibu tena yule aliyesema. Tunawaandikia wanaopita, wale watakaobonyeza alama ya kupenda kila tukitupa neno kali. Nakiri kwamba katika zile siku tatu nilikuwa nikihesabu walioniunga mkono, na kila mmoja aliyeongezeka alinipa nguvu ya kuandika jibu baya kuliko lililotangulia. Kwa sababu hiyo, ugomvi wa watu wanaofahamiana naona uhamie haraka kwenye mazungumzo ya faragha, na ikiwezekana kwenye simu. Mgeni anayetukana kwa kufurahia kutukana ni suala jingine; huyo sihitaji kumfuata faraghani wala kumwelimisha, namzuia na kuendelea na siku yangu.

Uongo unaoweza kumdhuru mtu, kama vile dawa ya kubuni, sinyamazii. Nausahihisha palepale ulipowekwa, mara moja, kwa lugha ya adabu, nikiwalenga wasomaji wengine kuliko aliyeuleta. Katika hili hata mimi si msafi: mwaka 2020 Twitter, ambayo sasa inaitwa X, ilianza kuwauliza watumiaji kama wangependa kuifungua makala kwanza kabla ya kuisambaza, na nilipoulizwa mara ya kwanza niliona haya, kwa kuwa kweli nilikuwa nimesoma kichwa cha habari tu.

Limebaki suala la kuomba radhi. Rafiki yangu aliniambia kwenye simu kwamba yamekwisha, nisijisumbue, lakini nilikuwa nimemvunjia heshima mbele ya watu sitini, na kumwomba radhi sikioni kungekuwa kumpunja. Nikaandika kundini kwamba nilimsoma vibaya na kumtolea maneno asiyostahili. Rasimu ya kwanza ilikuwa na maneno "kama kuna niliyemkwaza"; niliyafuta, kwa sababu niliyemkwaza nilikuwa namjua kwa jina. Ujumbe huo ulijibiwa na watu wanne tu, ilhali ugomvi ulikuwa umejaza skrini kwa skrini.

Wa mwisho kati ya hao wanne alikuwa yeye mwenyewe. Aliandika, "Usijali, mtaalamu." Nikauangalia ujumbe huo kwa muda, kisha nikampigia simu.