Maswali na Majibu: Ukumbi Unaovuma Hautibiwi kwa Spika Kubwa

Ukumbi wetu hapa Mtwara mjini una urefu wa mita 30, upana wa mita 18 na kimo cha mita 7. Kuta ni za lipu, sakafu ni ya vigae na dari ni ya jipsamu. Kwaya ikiimba, maneno hayasikiki. Fundi mitambo anatushauri tununue spika zenye nguvu zaidi. Tumsikilize? (Katibu wa kamati ya ukumbi)

Msinunue bado. Spika kubwa huongeza sauti inayomfikia msikilizaji moja kwa moja, lakini huongeza kwa kiwango kilekile sauti inayorudi kutoka ukutani na darini, kwa hiyo neno la pili litaendelea kuzamishwa na mvumo wa neno la kwanza, sasa kwa kelele zaidi.

Kanuni ya jambo hili iligunduliwa na Wallace Sabine, mwalimu wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Harvard nchini Marekani, ambaye mwaka 1895 aliombwa arekebishe chumba cha mihadhara ambamo sauti ilidumu takribani sekunde 5.5. Alikuwa akihamisha mito ya viti kutoka ukumbi wa jirani usiku na kupima jinsi kila mto ulivyopunguza mvumo. Alichokipata ni hiki: muda wa mvumo kwa sekunde ni 0.161 mara ujazo wa ukumbi kwa mita za ujazo, ukigawanywa kwa jumla ya unyonyaji wa sauti uliomo, unaohesabiwa kwa mita za mraba, ambapo mita moja ni sawa na dirisha lililo wazi la ukubwa huo, lisilorudisha sauti.

Ukumbi wenu una mita za ujazo 3,780. Tukikadiria kwamba madirisha yaliyo wazi, pazia la jukwaa na kuta vinanyonya kiasi cha mita za mraba 150, mvumo unadumu sekunde 4, wakati hotuba huhitaji sekunde 1 hivi na okestra hupendeza karibu na sekunde 2. Kwa kwaya inayotaka maneno yaeleweke, ningelenga 1.5, na hapo mnahitaji unyonyaji wa mita za mraba 406. Kila mtu aliyeketi huchangia karibu nusu mita ya mraba. Ndiyo sababu mazoezi ya Alhamisi husikika vibaya kuliko tamasha lililojaa. Hata hivyo msiutegemee umati. Pigeni hesabu kwa watu 200, na mtaona pengo la mita za mraba kama 156, ambalo kwa vifaa vya kawaida hudai eneo la ukuta la zaidi ya mita 200 za mraba.

Anzeni na ukuta wa nyuma, ulio mkabala na jukwaa. Sauti ikitoka jukwaani hadi huko na kurudi husafiri mita 60, safari ya sekunde 0.17, na sikio huanza kutenganisha maneno mawili pale ucheleweshaji unapozidi takribani sekunde 0.05. Walioketi mbele, kwa hiyo, wanahubiriwa mara mbili. Mkishamaliza ukuta huo, pandeni sehemu za juu za kuta za ubavuni. Ndipo mzungumze na fundi wenu habari za spika, na hata hapo mwulizeni juu ya spika ndogo kadhaa zilizoelekezwa kwa watu badala ya mbili kubwa zinazopiga ukutani.

Tumeambiwa tubandike trei za mayai au sponji za magodoro. Ni kweli zinasaidia? (Mwalimu wa kwaya, Masasi)

Trei hupunguza kidogo sauti nyembamba na kuziacha nene zilivyo, hivyo ukumbi huishia kuwa wa butu na bado unavuma. Sponji ya godoro nasema wazi: msiiweke. Katika klabu iliyoteketea Rhode Island, Marekani, mwaka 2003, fataki za jukwaani ziliwasha sponji ya aina hiyo na watu 100 walikufa. Miaka kumi baadaye, Santa Maria nchini Brazili, walikufa 242 kwa namna inayofanana mno.

Kusini hatukosi mbadala. Usumba wa nazi, ukishindiliwa kiasi katika fremu za mbao zenye kina cha sentimita 5 hadi 10, ukaachiwa nafasi ya hewa nyuma yake na kufunikwa kwa kitambaa chepesi kinachopitisha pumzi, hunyonya sauti vizuri. Usumba nao huwaka, kwa hiyo ulowekwe kwanza katika mchanganyiko wa boraksi na asidi ya boriki, ambao pia huwafukuza mchwa, kisha kipande kijaribiwe kwa moto nje ya jengo. Magunia ya korosho yaliyobandikwa bapa ukutani hayafanyi kitu cha maana, kwa kuwa kinachohitajika ni kina.

Tumeweka mapazia mazito, lakini ngoma zikianza ukumbi unanguruma. (Kiongozi wa kikundi cha sindimba, Newala)

Mapazia hayaoni ngoma kubwa. Wimbi la mitetemo 100 kwa sekunde lina urefu wa takribani mita 3.4, na kitambaa au nyuzi hulishika vizuri pale tu unene wake unapokaribia robo ya urefu huo, yaani sentimita 85. Hakuna atakayekubali kupoteza nafasi kiasi hicho. Njia nyingine ni ubao mwembamba wenye kuyumba: plaiwudi ya milimita 6 iliyopigiliwa kwenye fremu, ikiwa na uwazi wa sentimita 10 hadi ukutani, hutetemeka karibu na mitetemo hiyohiyo 100 na kuimeza nguvu yake, hasa mkitia usumba kidogo ndani ya uwazi. Ziwekeni pembeni, kuta zinapokutana.

Zipo pia habari za vyungu. Makanisa kadhaa ya kale ya Ulaya yalichimbiwa vyungu ukutani, midomo ikielekea ndani. Kila chungu hushughulikia sauti yake moja tu, kwa hiyo ningeanza na plaiwudi, ingawa wafinyanzi wa kwetu wangeifanya kazi hiyo bila shida.

Ukumbi uliokosewa tangu ujenzi, si afadhali kuuvunja? (Msomaji, Nachingwea)

Si lazima, ila umbo likikosewa gharama hupanda. Royal Albert Hall ya London, iliyofunguliwa mwaka 1871, ilisumbuliwa na mwangwi wa kuba lake kwa karibu karne nzima, hadi mwaka 1969 visahani vikubwa vya faibagilasi viliponing'inizwa chini ya kuba hilo. New York walitaabika zaidi. Ukumbi wa okestra yao ulifunguliwa mwaka 1962, ukalaumiwa mara moja, ukabomolewa ndani na kujengwa upya mwaka 1976, lawama zikabaki. Marekebisho yaliyokamilika mwaka 2022 yaligharimu dola milioni 550, yakasogeza jukwaa mbele na kupunguza viti kutoka zaidi ya 2,700 hadi 2,200. Kwa maoni yangu, hatua hiyo ya viti ndiyo iliyohitaji ujasiri, maana kila kamati ya ujenzi hutaka viti vingi kwanza.

Mvua ikinyesha juu ya mabati, tamasha husimama. Vibao vya ukutani vitasaidia? (Msomaji, Lindi)

Kidogo sana. Kelele hiyo huzuiwa kwa uzito, si kwa ulaini: dari ya jipsamu ya tabaka mbili iliyoning'inizwa bila kugusa mabati, matundu yake yakizibwa na juu yake kutandazwa pamba ya mawe. Kabla ya hapo fundi akague kama kenchi zitaubeba uzito huo.