Majaji hatukuwachagua, wanafutaje sheria ya Bunge?

SWALI: Shikamoo, Wakili. Juzi kwenye kahawa hapa Barabara ya 12, Ngamiani, tumebishana nusura vikombe viruke. Mimi nasema wabunge tumewapigia kura, majaji hatukuwachagua. Iweje watu watatu wafute sheria ya Bunge zima? Na Bunge likigoma je? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Marahaba. Hao watatu umewapatia: kwa sheria ya mwaka 1994, shauri la haki za msingi husikilizwa na jopo la majaji watatu wa Mahakama Kuu. Nguvu yenyewe hawakujipa. Ibara ya 64(5) ya Katiba inasema sheria inayoikiuka Katiba ni batili kwa kiasi inachoikiuka, na haki zenyewe ziliingizwa humo mwaka 1984 na Bunge hilohilo unalolitetea.

Utamu uko kwenye swali lako la pili. Mwaka 1993 Mchungaji Christopher Mtikila alifungua shauri, akidai asiye na chama naye aruhusiwe kugombea. Oktoba 1994 Jaji Lugakingira wa Mahakama Kuu, peke yake kabla utaratibu wa majaji watatu haujaanza, akampa ushindi. Bunge halikugoma, lilifanya kubwa zaidi: likabadili Katiba yenyewe, haki ya kugombea ikafungwa humo kwa sharti la chama. Hapo ukimwambia jaji sharti hilo linavunja Katiba, akujibu nini, na Katiba ndiyo imesema? Mtikila hakukata tamaa. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ikampa haki tena. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikatengua, ikasema hilo ni suala la kisiasa, waliamue wabunge. Mwaka 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, pale Arusha, ikaona haki zake zimevunjwa. Akafariki Oktoba 2015, wiki chache kabla ya uchaguzi ambao mgombea binafsi hakuwemo kwenye karatasi ya kura.

Mamlaka ya kubadili Katiba Bunge lilikuwa nayo, kwa theluthi mbili ya kura, sibishi. Lakini tazama nani alikuwa anapiga kura ile: watu wa vyama, wakiamua kama asiye na chama aruhusiwe kushindana nao. Suala kama hilo ningemwachia jaji, hata kama hatukumchagua.

Kuna na kusubirisha. Ibara ya 30(5) inairuhusu mahakama kuacha kufuta sheria papo hapo, ikatoa muda irekebishwe. Mwaka 2016 Mahakama Kuu iliona vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa, vinavyoruhusu msichana kuolewa chini ya miaka 18, vinakiuka Katiba, ikatoa mwaka mmoja. Serikali ikakata rufaa, ikashindwa 2019, na vifungu bado vilikuwa vilevile.

Kabla hamjachangishana pale kahawani mwende mahakamani: mwaka 2020 liliwekwa sharti kwamba anayefungua shauri la haki za msingi aambatanishe kiapo kuonyesha sheria hiyo imemgusa yeye binafsi, basi ulizeni kwanza kama bado lipo. Kwa sharti hilo, kama inamuuma jirani yako tu, yeye ndiye angeapa. Wewe msaidie kulipa wakili.